Ushindi Kutoka Njia ya Ndani

Ushindi wa John Akii-Bua mjini Munich, tarehe 2 Septemba 1972, haukuwa wa bahati. Katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi alipangiwa njia ya kwanza, ambayo kona zake ni kali kuliko zote na humpunguzia mkimbiaji kasi. Bingwa mtetezi, David Hemery wa Uingereza, alianza kwa kasi kubwa mno, nguvu zikamwishia. Akii-Bua, aliyewaona wapinzani wote mbele yake, alipima mwendo wake, akawapita sehemu ya mwisho na kumaliza kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Hivyo Uganda ilipata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Wahenga hawakukosea: haraka haraka haina baraka.