Kilimo cha Alizeti na Suala la Mafuta ya Kupikia Jijini Nairobi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii inaafiki barabara hali ya mafuta ya kupikia nchini Kenya. Katika vibanda vya Kangemi na Kawangware, magharibi mwa jiji la Nairobi, mafuta huuzwa kwa kupimwa: mnunuzi huja na chupa yake, akatoa shilingi chache, akapimiwa ya kukaangia sukuma wiki ya jioni hiyo. Katika maduka makubwa ya katikati ya jiji, mafuta ya alizeti hupangwa rafuni ndani ya chupa zenye picha ya ua la manjano. Bei zake hutofautiana, lakini mafuta yote haya yanashabihiana kwa jambo moja: sehemu kubwa ya yanayotumiwa nchini huagizwa kutoka ng'ambo, hususan mawese ya Malaysia na Indonesia.

Hatari ya utegemezi huu ilidhihirika mwaka wa 2022. Mnamo Februari, Urusi iliivamia Ukraine, ilhali nchi hizo mbili kwa pamoja huzalisha zaidi ya nusu ya mafuta yote ya alizeti duniani. Kabla ya soko kutulia, Indonesia ilisitisha uuzaji wa mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili, na marufuku hayo yakadumu kwa zaidi ya majuma matatu. Bei zilipanda kote duniani, Nairobi ikiwemo. Aliyezoea kununua kipimo cha shilingi 20 hakuambiwa habari za vita wala za marufuku. Aliona tu mafuta yamepungua chupani.

Usuli wa Zao

Asili ya alizeti ni Amerika ya Kaskazini, ambako ilikuzwa na wenyeji kwa karne nyingi. Baada ya kufika Ulaya, ni Warusi walioigeuza kuwa zao kuu la mafuta. Mtaalamu Vasily Pustovoit aliteua mbegu bora kizazi baada ya kizazi katika karne ya ishirini, hata kiwango cha mafuta katika mbegu kikapanda kutoka takriban asilimia 30 hadi karibu asilimia 50. Neno alizeti nalo lina safari yake: linashabihiana na neno la Kiarabu zait, yaani mafuta, na lina udugu na neno zeituni. Hivyo basi, Mswahili alilipa ua hili jina la faida yake, wala si jina la sura yake.

Ukuzaji

Alizeti hustahimili ukame kuliko mahindi kwa kuwa mzizi wake mkuu huzama chini sana kutafuta maji. Mvua ya milimita 500 hadi 750 katika msimu huitosha, mradi udongo usituamishe maji. Kwa sababu hii, zao hili lafaa hata katika maeneo makavu ya Ukambani na Tharaka.

Mbegu hupandwa mwanzoni mwa mvua, kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo. Kila shimo hutiwa mbegu mbili, kisha miche hupunguzwa ubaki mmoja ulio na nguvu. Palizi ya majuma sita ya kwanza ni ya lazima, kwani mche mchanga hushindwa na magugu. Maua yanapochanua, nyuki huhitajika kwa uchavushaji. Kwa hiyo dawa za wadudu hazifai kunyunyizwa wakati huo. Ndege ndio adui mkubwa mbegu zinapokomaa. Isitoshe, zao hili halipaswi kurudiwa katika shamba lilo hilo kila msimu, maana vimelea vya kuozesha shina hujificha udongoni. Mavuno huwa tayari baada ya miezi mitatu hadi mitano, kutegemea aina ya mbegu na mwinuko wa mahali, sehemu ya nyuma ya kichwa inapogeuka kutoka kijani kuwa manjano na kuelekea hudhurungi.

Hesabu ya Mkulima

Kwa nafasi iliyotajwa, ekari moja hubeba takriban mimea 18,000. Ikichukuliwa kuwa mkulima amevuna kilo 500 za mbegu zenye mafuta asilimia 40, shehena hiyo ina kilo 200 za mafuta. Mashine ndogo haikamui yote. Ikitoa kilo 150, hizo ni takriban lita 160. Kinachosalia ni mashudu, na hapa ndipo viunga vya magharibi mwa Nairobi vinapoingia. Ardhi ya Uthiru, Dagoretti na Kikuyu imegawanywa vipande vidogo visivyotosha kilimo cha alizeti cha kuuza, lakini wakazi wengi hufuga kuku na ng'ombe wa maziwa, na mashudu ni lishe yenye protini nyingi. Soko la mkulima, basi, si jikoni pekee.

Hata hivyo, ni muhali kuupuuza ushindani wa mawese. Hekta moja ya michikichi hutoa mafuta maradufu kadhaa ya hekta moja ya alizeti. Ndiyo sababu mawese huwa rahisi hata baada ya kusafirishwa kwa meli. Mkulima akikosa mnunuzi wa hakika na mashine ya kukamulia iliyo karibu, ua la manjano litampendezea macho bila kumjazia mfuko.

Lugha na Maarifa

Jambo la kusikitisha ni kuwa maarifa haya hayako mbali. Kando ya Barabara ya Waiyaki kuna maabara za utafiti wa kilimo za Kabete. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia kilimo papo hapo Kabete. Nayo makao makuu ya KALRO yako Loresho. Lakini aghalabu utafiti huandikwa kwa Kiingereza, ilhali anayeuhitaji hupanda na kupalilia kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Kisingizio cha uhaba wa msamiati hakina mashiko: palizi, uchavushaji, mbegu chotara, kukamua na mashudu ni maneno yaliyopo na yanayoeleweka. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Urasmi huo utakuwa na maana pale ambapo mwanafunzi wa kilimo wa Kabete na mwenzake wa Kiswahili watakapoketi pamoja kuandika kijitabu ambacho mkulima wa Tharaka ataweza kukisoma kabla ya mvua kunyesha. Mbegu isiyofika shambani haioti, na elimu isiyoeleweka ni mbegu iliyobaki ghalani.