Boleti: jina, uainishaji na utambuzi wake

Mfasiri anapokutana na boleti katika matini ya sayansi au ya upishi, neno "uyoga" peke yake halimtoshi. Boleti ni uyoga wenye kofia na shina, ambao upande wa chini wa kofia yake kwa kawaida hauna mikunjo iliyopangwa kama kurasa za kitabu, bali mirija midogo ambayo midomo yake huonekana kama vitundu vya sifongo. Hata hivyo, "uyoga wa vitundu" nayo ni tafsiri pana mno, kwa kuwa uyoga mgumu unaoota ubavuni mwa magogo pia una vitundu. Boleti ina nyama laini, na nyingi huota ardhini karibu na miti zinayoshirikiana nayo mizizini, kama misonobari na miti ya miombo. Ni afadhali kuliacha neno katika ngeli ya I-/ZI-: boleti hii, boleti hizi.

Katika Kilatini cha kale, *boletus* ulikuwa uyoga mwingine kabisa, ambao kwa kawaida hutambuliwa kuwa *Amanita caesarea*, wenye mikunjo. Ndio unaotajwa na Suetonius katika habari za kifo cha Kaisari Klaudio, mwaka 54. Linnaeus alilitumia jina hilo kwa uyoga wa vitundu mwaka 1753. Anayetafsiri matini ya Kirumi, basi, asiandike "boleti".

Uchunguzi wa DNA umeigawa jenasi ya *Boletus*. *Boletus satanas*, yenye sumu, tangu 2014 huitwa *Rubroboletus satanas*. *Phylloporus*, ingawa ina mikunjo, imo katika familia ya Boletaceae. *Suillus*, yenye vitundu, ina familia yake.

Kosa la hatari zaidi limo katika utambuzi. Husemwa kwamba boleti inayogeuka buluu ikikatwa ina sumu. *Rubroboletus satanas* hugeuka buluu, lakini *Imleria badia*, inayoliwa sana Ulaya, nayo hugeuka. *Tylopilus felleus* haigeuki, ila ni chungu kama shubiri, na moja yatosha kuharibu mchuzi wote. Hutofautishwa na *Boletus edulis* kwa vitundu vinavyoelekea waridi na kwa wavu wa rangi ya giza shinani. Wavu wa *edulis* ni mweupe. Mfasiri wa maelezo kama haya aandike rangi kama ilivyo, asiigeuze kuwa onyo, na abakize jina la Kilatini kando ya kila spishi.