Barua ya Nkosi Mputa: wito wa jemadari na udugu uliochelewa



Msafiri atokaye Songea kwenda Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hupita Mbinga katikati ya milima ya Wamatengo. Huko huyaona mashamba ya ngoro, mashimo yaliyopangwa mteremkoni ili mvua isichukue udongo. Katika karne ya 19 Wamatengo walibanana milimani humo wakikimbia uvamizi wa Wangoni. Jambo hili tulishike, kwani tutalirejea.

Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilipoenea kusini, Omari Kinjala aliipeleka dawa ya maji Ungoni. Nkosi Mputa bin Gama, mtawala wa Njelu, akaingia vitani. Mbele yake ilisimama Boma ya Wajerumani, waliokuwapo Songea tangu mwaka 1897, na ndani yake bunduki ambazo mikuki na ngao havikuweza kuzikabili.

Hapo Mputa akampelekea barua Sultani Mataka, mtawala wa Wayao ng'ambo ya mto Ruvuma. Alimweleza kwamba imekuja amri ya Mungu Wazungu watoke katika nchi. Aliomba watu 100 wenye bunduki wamsaidie kuitwaa Boma. Kisha wawili hao waende pamoja kuvipiga vituo vya Ziwa Nyasa. Akamwomba wasahau ugomvi wao wa zamani. Pamoja na barua ikaenda chupa ya dawa.

Tuitazame barua hii kwa insafu. Itikadi ya kwamba dawa itazuia risasi hatuikubali. Kinga ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini ndani yake mna jambo kubwa: mtawala aliyezoea kutawala jirani zake anakiri kwamba peke yake hatoshi, na kwamba adui ni mmoja.

Boma haikuanguka. Tarehe 21 Oktoba 1905 kambi ya Wangoni ilishambuliwa kwa bunduki za rashasha, wakauawa wengi. Mwaka 1906 Mputa, Nduna Songea Mbano na wenzao, jumla yao zaidi ya 60, walinyongwa mjini Songea. Kisha mazao yakachomwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Je, wito ulipotea bure? Historia ya mbali yatufundisha. Tarehe 24 Februari 1836, Luteni Kanali William Barret Travis, aliyezingirwa katika ngome ya Alamo huko Texas, aliandika kuomba msaada. Waliomfikia walikuwa wachache, na tarehe 6 Machi ngome ikaanguka, naye akauawa. Lakini barua yake ilichapwa magazetini, na Alamo ikawa kilio cha vita cha walioshinda San Jacinto tarehe 21 Aprili. Hata hivyo, uhuru ule ulilinda utumwa, ambao Mexico ilikuwa imeupiga marufuku mwaka 1829. Wito unaweza kukusanya watu, lakini haufanyi dhulma kuwa haki.

Wito wa kusini nao ulijibiwa, ila baada ya nusu karne. Mwaka 1956, mbele ya Umoja wa Mataifa, Mwalimu Nyerere aliwakumbuka wapiganaji wa Maji Maji kama watu walioitikia mwito wa nafsi inayokataa kutawaliwa. TANU ikawakusanya Mngoni, Myao na Mmatengo chini ya bendera moja, bila mkuki. Na Rashidi Kawawa, mtoto wa Songea, akawa Waziri Mkuu mwaka 1962. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha.

Sasa turejee milimani Mbinga. Aliyemfukuza jirani yake hadi mlimani, atamwitaje siku ya shida? Mputa aliomba ugomvi usahauliwe wakati adui yuko mlangoni. Umoja uliopaswa kujengwa kwa miaka ulitakiwa kwa siku chache. Sura ya Al-Anfal, aya ya 46, yatuonya kuwa kuzozana huondoa nguvu.

Wazazi, hilo ndilo la kuwafundisha watoto wetu. Yupo ndugu uliyemnunia kwa ajili ya mpaka wa shamba au mirathi? Mwendee leo, baada ya sala ya Ijumaa. Usingoje uzingirwe ndipo umwandikie barua.

Wabillahi tawfiq.