Chombo cha Masikio na Nguvu za Jua

Zamani chombo cha kumsaidia mtu asiyesikia vizuri kilikuwa mzigo: kilitumia valvu za kioo kama redio, na betri zake zilichukuliwa mwilini. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ilikipunguza hata kikaweza kukaa nyuma ya sikio. Lakini kwa mzee wa Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, taabu yabaki: betri ndogo huisha baada ya wiki chache, naye hurudi kutosikia magari. Huko Otse, nchini Botswana, mafundi viziwi walitengeneza kifaa cha kuchaji betri hizo kwa jua. Basi anunuaye chombo na aulize kwanza habari za betri. Jua la Ukambani halinunuliwi.