Gari Linapolia Kwenye Kona

Dereva wa IST anaukaribia mzunguko wa barabara, anakunja usukani, anakanyaga mafuta, na gurudumu la mbele linaanza: ta-ta-ta-ta. Akinyoosha usukani, kimya. Kwa fundi mzoefu wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, maelezo hayo yanatosha kumwelekeza kwenye sivi jointi kabla hata jeki haijatolewa. Lakini wateja wengi hufika gereji na sentensi moja tu, kwamba gari linalia likikata kona, na fundi mwenye haraka huwatajia orodha ya spea za kununua.

Sauti za kwenye kona zina vyanzo vingi, na bei za kuvitengeneza hazikaribiani. Kinachovitenganisha ni wakati: je, gari linalia likiwa limesimama na usukani unazungushwa, likitembea polepole usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho, au likiwa kwenye mwendo kasi? Dereva akija na jibu la swali hilo, fundi hana haja ya kubahatisha.

Sivi jointi inastahili kutangulia, maana magari madogo mengi kutoka Japani huvutwa na magurudumu ya mbele. Magurudumu hayo yana kazi mbili kwa pamoja, kupokea nguvu ya injini na kugeuka. Mhandisi Alfred Rzeppa alibuni katika miaka ya 1920 kiungo kinachowezesha hilo: gololi sita za chuma zinazotembea kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya kikombe, zikipitisha mzunguko bila kusuasua hata shafti ikiwa imepinda. Gari dogo la Uingereza, Mini, lilitoka mwaka 1959 likiwa na viungo vya aina hiyo.

Gololi hizo zinategemea grisi, na grisi inatunzwa na raba yenye mikunjo ambayo mafundi huiita buti. Buti likipasuka, mzunguko wa shafti huirusha grisi nje, na mchanga huingia. Grisi iliyobaki ikichanganyika na mchanga hula chuma kama msasa. Mifereji hupanuka, na gololi hupata nafasi ya kugonga. Ndiyo maana ushahidi huonekana mapema kuliko kelele: grisi nyeusi iliyotapakaa upande wa ndani wa rimu. Raba iliyogunduliwa mapema hubadilishwa, kiungo kikasafishwa na kujazwa grisi yake maalumu, na gari likaendelea na kazi. Jointi ikishaanza kugonga, raba mpya haitaizuia. Inauma kuona mtu wa kipato cha siku kwa siku akiuziwa raba ya kufunga juu ya jointi iliyokwisha, kisha akarudi baada ya muda mfupi kununua jointi nzima.

Jaribio lake ni rahisi. Kwenye uwanja mtupu, gari huzungushwa polepole kwa duara dogo, kushoto kisha kulia, mafuta yakikanyagwa kidogo. Upande mmoja ukigonga kuliko mwingine, fundi ana pa kuanzia, ingawa bado anapaswa kukagua buti na kuitikisa shafti kwa mkono kabla ya kutamka lolote kuhusu spea.

Gari likikoroma au kukwaruza likiwa limesimama, mashaka huhamia kwingine. Msaidizi huzungusha usukani huku fundi akisikiliza karibu na gurudumu. Springi ikijikunja kisha ikaruka ghafla, beringi ya juu ya shokapu imekwama. Sauti ikitoka chini, huenda ni boljointi iliyokauka, na hapo hakuna kusubiri mwisho wa mwezi. Boljointi ikichomoka barabarani, gurudumu hulala na dereva hupoteza usukani. Ili kuipima, gari huinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, kisha gurudumu hutikiswa kwa kulishika juu na chini. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, tairodi endi ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Mlio mwembamba wa kuugulia usukani unapokunjwa ni wa pampu ya stelingi. Mara nyingi mafuta yamepungua, na kuongeza bila kutafuta yanakovujia ni kuahirisha tu. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana pampu hiyo kabisa, hutumia mota ya umeme, kwa hiyo anayeshauriwa kuongeza mafuta ya stelingi aulize kwanza yanawekwa wapi. Mngurumo wa mwendo kasi ni habari ya beringi ya gurudumu: ukizidi gari linapoelemea kushoto, yaani linapokata kulia, beringi ya kushoto ndiyo mshukiwa.

Wenye Hilux na Land Cruiser za kazi wana jambo lao. Gari lililosahauliwa kwenye gia ya magurudumu manne juu ya lami kavu hugoma na kugonga kwenye kona kali, pasipo kifaa chochote kilichoharibika. Kuirudisha gia kwenye magurudumu mawili kunamaliza tatizo.

Baada ya matengenezo, mteja ana haki ya kuonyeshwa kifaa cha zamani na kulizungusha gari mwenyewe uwanjani. Kama tairodi endi imeguswa, gari lipelekwe kupimwa alaimenti mapema, kabla tairi za mbele hazijaanza kulika upande mmoja.