Mchagua Jembe si Mkulima: Pikipiki Kubwa na Mwanagenzi wa Turkana

Swali linaloulizwa mara nyingi katika vibanda vya makanika wa Lodwar na Kakuma siku hizi si kama mtu anunue pikipiki au asinunue, bali ni kama aiuze aliyo nayo achukue iliyo kubwa zaidi. Huulizwa na vijana waliomaliza shule za upili wakaingia katika kazi ya bodaboda, na wauguzi wanaopeleka chanjo vijijini, na walimu, na sisi wahadhiri tunaofika kule kwa ajili ya utafiti. Nami nimo katika hesabu hiyo. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikiendesha pikipiki ya cc 100 kati ya miji hiyo miwili, nikichunguza jinsi Kiswahili kinavyozungumzwa katika kambi ya wakimbizi na pembezoni mwake. Mwezi uliopita niliwekewa mbele yangu pikipiki ya mchangani ya cc 250, mali ya mwenzangu anayehama, kwa bei ya kirafiki. Lakini bei hiyo ya kirafiki ingemeza akiba yangu yote pamoja na karo ya muhula mmoja ya mwanangu. Hapana budi jambo kama hili lifikiriwe kwa utulivu, maana linahusu mfuko na linahusu uhai.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita zipatazo 120 katika barabara kuu ya A1, ile inayotoka Kitale kuelekea mpaka wa Sudan Kusini. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa mashimo matupu; ilipojengwa upya katika miaka ya karibuni, safari ikawa nyepesi. Hata hivyo, kazi ya mtu aghalabu haiko kwenye lami. Ukiiacha barabara hatua mia chache tu, unakutana na mchanga, mawe na miiba. Kisha kuna laga, mito mikavu ya kaskazini. Neno hilo tumelipokea kutoka kwa Waoromo, ambao kwao lina maana ya mto, na ingefaa tulikumbuke hivyo. Mto Tarach, unaopita Kakuma, kwa sehemu kubwa ya mwaka ni uwanja wa mchanga. Lodwar hupata mvua zipatazo milimita 200 tu kwa mwaka, lakini mvua ikinyesha katika milima ya mbali, maji huja kwa kishindo chini ya mbingu isiyo na wingu. Laga haiulizi pikipiki ina cc ngapi.

Wanaotetea pikipiki kubwa wana hoja, wala si haki kuzipuuza. Pikipiki ya mchangani imeinuka kutoka ardhini, ina gurudumu la mbele kubwa zaidi na shokomzoba ndefu, kwa hiyo hupita mahali ambapo ndogo hugonga tumbo. Barabarani, malori yaendayo Sudan Kusini yakikupita kwa kasi, upepo wake huiyumbisha pikipiki nyepesi. Aidha, injini ndogo ikilazimishwa kutambaa mchangani kwa gia ya kwanza katika joto la nyuzi 35, nayo huchemka. Muuguzi aliyebeba sanduku la barafu lenye chanjo hana nafasi ya kusimama kivulini akingoja injini ipoe.

Pamoja na hayo yote, wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Walisema pia kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mwanagenzi anapoanguka mchangani, jambo la kwanza analolilaumu ni chombo. Ukichunguza, sababu huwa nyingine. Gurudumu la mbele likianza kucheza, naye akaogopa, huachilia mafuta ghafla, huvuta breki ya mbele, na hukodoa macho kwenye tairi badala ya kutazama mbele. Mambo hayo matatu humwangusha mtu juu ya pikipiki yoyote. Dawa yake ni kinyume chake: kupunguza upepo wa tairi kidogo kabla ya kuingia mchangani, kuusogeza mwili nyuma ili gurudumu la mbele liwe jepesi, kushika usukani bila kuubana, kuendelea kutia mafuta kwa kiasi kisichobadilika, na kuangalia kule unakotaka kufika. Ukirudi kwenye lami, unaujaza upepo tena. Hakuna hata moja katika hayo linalonunuliwa dukani.

Ushahidi uko wazi kwa yeyote asimamaye kando ya Tarach asubuhi. Vijana wa bodaboda huvuka kwa pikipiki za cc 100 na 150, nyuma wamebeba abiria, na abiria amepakata gunia. Huvuka wakizungumza, Kiturkana kwa huyu, Kiswahili kwa yule aliyetoka Kongo au Burundi. Sijasikia hata mmoja wao akisema kwamba kinachomzuia kuvuka ni udogo wa injini. Nilipomwuliza fundi mmoja wa Lodwar kuhusu ile ya cc 250, alinijibu kwa swali: “Mwalimu, ikikulalia mguu huko porini, utaiinua peke yako?” Nilijaribu kuiinua pale pale kibandani kwake. Niliweza mara ya kwanza. Mara ya pili nilisaidiwa.

Nikiwa mwanaisimu, naona kwamba lugha yetu inatupa msaada hapa. Kiswahili hakisemi tu “mtu asiyejua”. Kina neno mwanagenzi, yaani aliye chini ya fundi akijifunza kazi. Ndani ya neno hilo mna muda na mna mwalimu. Katika madarasa yangu nimeona wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakihangaikia kamusi nene kuliko zote, ilhali ile ndogo waliyo nayo haijachakaa hata kurasa zake za mwanzo. Kamusi ndogo iliyochakaa ni dalili njema. Nadhani pikipiki nayo ni vivyo hivyo.

Wala jambo hili si la Turkana peke yake. Katika milima ya magharibi ya Marekani na Kanada wako wapandao pikipiki za theluji, vyombo vyenye mateleo mbele na ukanda mpana wa mpira nyuma, na huko nako wanagenzi hujiuliza kama wachukue chombo chenye nguvu zaidi. Theluji laini na mchanga laini vina tabia moja: ukisimama unazama. Waendeshaji wazoefu wa huko wanajua hatari ambayo haionekani dukani. Mashine kubwa humfikisha mwanagenzi juu mlimani, kwenye miteremko ya maporomoko ya theluji, kabla hajajua kuisoma miteremko hiyo. Ile ndogo ingemkwamisha chini, mahali salama. Nadhani hili ndilo jambo lenye uzito kuliko yote. Pikipiki yangu ya cc 100 hunikatalia mapema, ningali naiona barabara na naweza kurudi kwa miguu. Ile ya cc 250 ingenikatalia mbali zaidi, pasipo maji wala mtandao wa simu.

Kuna pia suala la vipuri. Boxer na TVS zina vipuri katika soko la Kakuma, na makanika wa pale wanazijua kama viganja vyao. Pikipiki isiyo ya kawaida ikiharibika, mtu hungoja kifaa kitoke Kitale, kilomita 300 hivi kutoka Lodwar, au Nairobi. Kwa kijana wa bodaboda, siku saba bila pikipiki ni siku saba bila unga, na mkopo haungoji. Serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo mnamo mwaka wa 2008, vijana wengi nchini walipata riziki kwa sababu chombo kilikuwa rahisi, na kila fundi angeweza kukifungua. Anayeuza chombo kama hicho kabla hajamaliza deni lake, ili aonekane mkubwa kijiweni, anabadilisha riziki kwa sifa.

Kwa hiyo nimemjibu mwenzangu kwamba sitainunua. Sehemu ndogo ya fedha hizo nimenunulia kofia ngumu nzuri, buti zinazofunika kifundo cha mguu, glavu, na tairi la nyuma lenye meno. Sehemu nyingine nimemlipa kijana mmoja wa Kakuma anifundishe mchangani, saa mbili kila asubuhi, kabla jua halijawa kali. Karo ya mwanangu imebaki ilipokuwa.

Sisemi pikipiki kubwa ni haramu. Muuguzi au ofisa wa mifugo ambaye kila wiki huenda mbali na lami, naye amekwisha kuimudu ndogo, anastahili chombo kinachofaa, tena apewe na mwajiri wake. Lakini mwajiri asimkabidhi mtu ufunguo kabla ya kumpa mafunzo, wala asidhani kwamba kofia na koti linalong'aa, ambavyo sheria inavidai, ni mapambo. Anayetaka kubadilisha kwa fedha zake na ajiulize maswali matatu: Je, ni njia gani hasa ambayo pikipiki yangu ya sasa imeshindwa, nami sikushindwa? Je, naweza kuiinua ile kubwa peke yangu nikiwa na kiu? Je, ikiharibika Kakuma, nani ataitengeneza kesho? Asiye na jibu la yote matatu angoje msimu mmoja zaidi. Kwenda mbio si kufika.