Stakabadhi ya Kondoo 65: Kusoma Historia ya Jamii za Kiislamu za Mwanzo kwa Hati za Kila Siku

Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi watu wa kawaida walivyoishi katika karne ya kwanza ya Uislamu hukutana na tatizo. Vitabu mashuhuri vya historia, kama vile cha al-Baladhuri (aliyefariki mwaka 892) na cha al-Tabari (aliyefariki mwaka 923), viliandikwa zaidi ya miaka mia mbili baada ya Mtume Muhammad kufariki mwaka 632. Vimehifadhi masimulizi ya kale, lakini huzungumzia zaidi makhalifa, vita na wanazuoni. Mkulima na mdaiwa hawaonekani sana.

Pengo hilo huzibwa kwa kiasi na hati za kila siku: stakabadhi, mikataba, hesabu za kodi na barua. Nyingi zimepatikana Misri, ambako mchanga mkavu ulizihifadhi. Ziliandikwa juu ya mafunjo, ambayo Waarabu waliyaita qirtas, neno lililotupatia karatasi katika Kiswahili.

Tuchukue mfano. Katika Maktaba ya Taifa ya Austria, mjini Vienna, ipo stakabadhi ya Jumada al-Ula mwaka 22 Hijria, yaani Aprili 643. Abdallah bin Jabir anakiri kupokea kondoo 65 kwa ajili ya chakula cha askari wake kutoka kwa wakuu wa wilaya ya Ahnas. Imeandikwa kwa Kigiriki na Kiarabu.

Hati hii fupi inatufunza mambo matatu. Kwanza, makarani wa Kigiriki waliendelea na kazi chini ya watawala wapya. Pili, kondoo walihesabiwa kama sehemu ya kodi, hivyo utaratibu wa kumbukumbu ulikuwapo mapema. Tatu, baadhi ya herufi za Kiarabu zina nukta, jambo muhimu kwa wanaochunguza historia ya hati hiyo.

Mfano mwingine ni barua za Qurra bin Sharik, gavana wa Misri kuanzia mwaka 709 hadi 714, kwa Basilios, msimamizi wa wilaya ya Aphrodito. Zilianza kufukuliwa mwaka 1901. Baadhi zinahusu wakulima waliokimbia makwao. Nyingine zinahusu madeni: mtu amelalamika kwamba anamdai mwenzake, naye gavana anaagiza kwamba akileta ushahidi, apewe haki yake. Hapo tunamwona mtu asiye na cheo akifikisha shauri lake hadi kwa gavana.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Hati za Misri hazielezi maisha ya Kufa au Basra. Aidha, karani hufuata mtindo wa ofisi. Stakabadhi yetu haituambii kama wafugaji waliotozwa kondoo wale waliridhika au walilia. Ndiyo maana hati husomwa pamoja na vitabu, na kila kimoja kikapimwa kwa kingine.

Somo hili linatuhusu sisi wa Kiswahili pia. Miongoni mwa maandishi yetu ya kale kabisa yanayojulikana ni barua zilizotoka Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18, ambazo zimehifadhiwa Goa, nchini India. Basi kabla ya kuchoma daftari la madeni la babu au barua za bibi, mwanafunzi ajiulize ni nani mwingine atakayesimulia habari zao.